Ng'ombe na Alikotoka

Msomaji, tuseme umepewa shamba lenye majani na fedha za kununua ng'ombe wachache wa nyama. Utaanzia wapi? Watu wengi wataanzia katika bei, na wengine wataanzia katika umbo. Bei na umbo ni mambo ya kuangaliwa, lakini historia ya nchi yetu na ya majirani zetu yafundisha kuwa liko swali linalotangulia yote mawili: ng'ombe huyu atoka wapi? Anunuaye ng'ombe hanunui nyama na ngozi tu. Hununua pamoja naye ardhi aliyokulia, maradhi aliyokutana nayo, na maarifa ya watu waliomfuga. Nitakusimulia visa vinne vya ng'ombe waliohamishwa kutoka nchi hata nchi, nawe upime mwenyewe.

Kisa cha kwanza ni cha msiba. Mwaka 1887, katika bandari ya Massawa kwenye Bahari ya Shamu, waliteremshwa ng'ombe kutoka ng'ambo kwa ajili ya jeshi la Italia. Pamoja nao uliteremka ugonjwa wa sotoka. Ng'ombe wa sehemu zetu hawakuwa wamepata kuujua, na kwa hiyo hawakuwa na kinga. Ugonjwa ulishuka kusini kama moto wa nyika. Ilipofika mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kuwafilisi Wamasai, na mwaka 1897 ulikuwa umefika Rasi ya Tumaini Jema. Mahali pengi, katika kila ng'ombe kumi walikufa wanane au tisa. Nyati wa porini walikufa pia. Ng'ombe walipokwisha, njaa iliingia manyattani, na ndui ikafuata nyuma ya njaa. Wamasai waliuita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Zilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya ulimwengu kutangazwa kuwa umeokoka na sotoka, mwaka 2011. Katika ushindi huo chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, ilikuwa na sehemu kubwa.

Kisa cha pili kilizaliwa na cha kwanza. Sotoka na vita vya Makaburu viliacha nchi za kusini mwa Afrika bila ng'ombe wa kutosha. Watu wa huko walitafuta ng'ombe wa kuanzisha makundi mapya, na katika miaka ya 1901 na 1902 wengine walinunuliwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, wakapelekwa kwa meli mpaka bandari ya Beira. Ng'ombe hao walionekana wazima. Mnunuzi aliyewatazama macho na manyoya hakuona ila. Lakini wengi wa ng'ombe wa pwani huugua homa ya kupe wangali ndama. Wanaookoka huendelea kuuchukua ugonjwa katika damu bila kuumwa. Kupe wakaunyonya kwao na kuwatia wenyeji, na wenyeji wakafa kwa makundi. Mtaalamu Mjerumani, Robert Koch, aliitwa kuuchunguza, naye akaupa jina la pwani yetu. Hata leo Waingereza huuita Homa ya Pwani ya Mashariki, nasi twauita ndigana. Kusini mwa Afrika walipigana nao kwa karibu nusu karne. Hivyo ndivyo mnunuzi awezavyo kulipa fedha zake kwa ng'ombe mzima, akapokea maiti za ng'ombe aliokuwa nao.

Kisa cha tatu kilitokea hapa hapa Kenya. Mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alipewa na serikali ya kikoloni eneo la eka laki moja huko Njoro. Aliyaona majani mengi, hewa ya baridi, na nchi tupu isiyo na mifugo. Alileta kondoo kutoka Nyuzilandi na madume ya ng'ombe kutoka Uingereza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kondoo wengi walikufa, na ng'ombe wakadhoofika na kuangamizwa na maradhi. Je, nchi ile ilikuwa tupu kwa sababu gani? Wamasai walijua sababu: walikuwa wameipima kwa mifugo yao, wakaona kuwa majani yake hayanenepeshi. Baadaye wataalamu waligundua kuwa udongo wa sehemu zile za Bonde la Ufa umepungukiwa na madini, hasa kobalti, ambayo mnyama hawezi kuishi bila kiasi chake kidogo. Jibu lilikuwapo vinywani mwa wachungaji tangu zamani. Lilikosa mwulizaji tu.

Kisa cha nne ni cha faraja, ingawa nacho kina doa lake. Kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wanaishi Waborana. Nchi yao ni kavu. Wakati wa kiangazi huteka maji katika visima virefu sana. Watu hupanga mstari kutoka chini mpaka juu, hupokezana ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba, na ng'ombe hungoja zamu yao baada ya siku kadhaa za kiu. Ng'ombe asiyeweza kutembea mbali hakufika kisimani. Jike asiyelea ndama wake katika ukame hakuacha uzao. Kwa vizazi vingi jua lilichagua, na Waborana wakachagua nyuma ya jua, mpaka akapatikana ng'ombe mwenye nundu, mpole, mwepesi wa kunenepa mvua inaponyesha, na mvumilivu inapokosa kunyesha.

Wafanyabiashara wa Kisomali waliwaswaga ng'ombe hao kusini, wakawauza kwa walowezi wa Laikipia na kwingineko. Mwanzoni walowezi wengi waliwapandisha kwa madume ya Ulaya, wakidhani kuwa damu ya kwao ndiyo itakayoleta ubora. Uzoefu ukawafundisha wengi wao kurudi kwa Boran mwenyewe. Mwaka 1951 kiliundwa chama cha wafugaji wa Boran cha Kenya, na baadaye mbegu yake ilipelekwa Zambia, Afrika Kusini na hata Australia. Doa nililolitaja ni hili: majani ya Laikipia yaliyowanenepesha ng'ombe hao yalikuwa ya Wamasai, waliohamishwa kwa mkataba wa mwaka 1911. Walikwenda mahakamani kudai haki yao, na mwaka 1913 kesi ikatupwa. Sifa za ng'ombe ziliandikwa vitabuni kwa majina ya walowezi. Waborana waliomlea kwa vizazi vingi hawakuandikwa. Ni wajibu wetu kuwataja.

Sasa rudi shambani kwako, msomaji, na fedha zako mkononi. Visa hivi vyakuamuru nini?

Kwanza, iulize ardhi kabla ya kumwuliza muuzaji. Hesabu ng'ombe ambao majani yako yaweza kuwalisha katika mwezi mbaya wa kiangazi, si katika mwezi mzuri wa mvua. Waulize wazee wa mahali pale ni ng'ombe gani hustawi, na ni wapi hawapelekwi kulishwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Pili, nunua karibu uwezavyo, katika nchi inayofanana na yako. Hata Boran, pamoja na sifa zake zote, akitolewa katika nchi kavu isiyo na kupe na kuingizwa ghafula katika nchi yenye ndigana, aweza kufa kama mgeni wa Ulaya. Uvumilivu wake ni kwa kiu na jua. Kinga ya ndigana ni jambo jingine.

Tatu, mtazame ng'ombe nyumbani kwa mwenyewe, malishoni na majini, si mnadani tu. Mwache atembee uone miguu yake. Macho na yawe maangavu, pua isiwe na makamasi mazito, na kikohozi kisisikike. Fungua mdomo: mbele ng'ombe ana meno ya chini tu, manane. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota apatapo miaka miwili au zaidi kidogo, na yote manane hutimia karibu na miaka mitano. Mtamba mwenye jozi moja au mbili ana miaka mingi ya kuzaa mbele yake. Kwa jike aliyekwisha kuzaa, gusa kiwele na kila chuchu, kisha umwombe muuzaji akuonyeshe ndama wake. Tena uliza kwa nini anauzwa, kwani jike atupaye mimba huuzwa kwa maneno matamu.

Nne, dume litoke katika kundi jingine, lisije likawapanda ndugu zake. Dume moja lililokomaa latosha majike ishirini na zaidi. Kwa hiyo mwenye majike matano afadhali ashirikiane na jirani mwenye dume zima.

Tano, pata kibali cha kusafirisha mifugo na mwite daktari wa mifugo. Ng'ombe wapya wakifika, waoshe kupe, kisha uwatenge na wa zamani kwa muda wa mwezi mmoja. Laiti wanunuzi wa Beira wangalijua na kutimiza hayo, nchi nyingi zingalisalimika.

Fedha ziwezazo kununua ng'ombe ishirini katika siku moja zaweza kupotea katika mwezi mmoja. Afadhali uanze na mitamba mitatu unaowajua asili yao kuliko ishirini usiowajua. Na utakapokuwa ukipatana bei, kumbuka kuwa mtu aliyesimama mbele yako na fimbo yake huenda hana kitabu, lakini ana habari za ng'ombe yule tangu kwa mama na bibi yake. Lipa fedha kwa ng'ombe. Habari hizo utapewa bure, ukiuliza kwa adabu.