Dozi ya Mtoto: Miaka 30 Kutoka Kitabu Hadi Kishikwambi

MIAKA 30 inatimia tangu Tanzania ilipoanza, mwaka 1996, kutumia IMCI, mwongozo wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto wa chini ya miaka mitano. Leo zahanati na hospitali zinaacha daftari na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta. Kwetu Njombe, ambako baridi na kikohozi cha watoto ni mambo ya kila siku, historia hiyo inafaa kukumbukwa kabla vitabu havijatupwa.

Katika mwongozo huo dozi hufuata uzito: kwa nimonia, mtoto wa kilo 9 hupewa kidonge kimoja cha amoxicillin cha miligramu 250 asubuhi na kimoja jioni. Wa kilo 11 hupewa viwili kila mara, wa kilo 14 vitatu. Mhudumu akikadiria uzito kwa macho, dozi itapungua au itazidi. Wodi ya mahututi ndiyo ya kutisha zaidi. Huko dawa hupita kwenye mshipa na hupigiwa hesabu kwa kila kilo ya mtoto, na nukta moja ikikaa vibaya, dozi inazidi mara kumi.

Mwanzo ulikuwa wa karatasi. Mwaka 1989 nchi ilianza kukusanya ripoti za madhara ya dawa kwa fomu, na mapema miaka ya 1990 vikaja vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za huduma za afya. IMCI nayo ilionyesha matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uligundua kuwa vifo vya watoto Morogoro Vijijini na Rufiji, zilikotangulia kuitumia, vilikuwa pungufu kwa 13% kuliko Kilombero na Ulanga.

Lakini kitabu cha IMCI kilikuwa na udhaifu wake: mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni hakifungui. Anatibu kwa mazoea na kuruka maswali, mama naye anaondoka na dawa ambayo pengine si yenyewe.

Udhaifu huo ndio uliowapeleka watafiti Mtwara. Brian DeRenzi wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake, akiwamo Mtanzania Werner Maokola, waliuingiza mwongozo huo kwenye kikompyuta cha mkononi. Mhudumu alisoma swali kwenye kioo, akamuuliza mama, akabonyeza jibu, ndipo swali jingine likatokea. Ana homa? Ananyonya? Amepata degedege? Mwisho kifaa kilitaja ugonjwa na matibabu yake.

Ripoti yao ya mwaka 2008 inafurahisha kuisoma hadi leo. Kwa mazoea ya kawaida wahudumu walikuwa wakifuata 61% ya hatua za mwongozo. Kwa kifaa walifikia karibu 85%. Wasiwasi mkubwa ulikuwa foleni, lakini muda wa kumhudumia mtoto haukubadilika sana. Wahudumu walijifunza upesi, wakakipenda. Jaribio lilikuwa dogo, wahudumu wake wa kuhesabika, ila lilifanyika katika zahanati ya kusini mwa Tanzania wakati simu za kioo zilikuwa bado ngeni hata mijini.

Wakubwa nao waliwahi kuumbuka. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwasha mfumo wa kuagiza dawa kwa kompyuta Oktoba 2002, ikaueneza hospitali nzima ndani ya siku sita tu. Madaktari wake waliripoti mwaka 2005 kwamba vifo vya watoto walioletwa kwa rufaa vilipanda kutoka 2.80% hadi 6.57%. Sababu mojawapo ni kwamba daktari hakuweza kuagiza dawa kabla mtoto hajafika na kusajiliwa. Ukazuka ubishi mkali. Hospitali ya watoto ya Seattle, iliyoweka mfumo kama huo, haikuona vifo kuongezeka. Tofauti ilikuwa maandalizi: kuwashirikisha wahudumu na kuandaa maagizo mapema.

Hapa nchini mambo yalikwenda kwa kasi: DHIS2 kwa takwimu, GoTHOMIS kwa kumbukumbu za hospitali, na kwenye kliniki za VVU (CTC) hifadhidata ya wanaotumia ARV, ambayo Njombe inaijua vizuri kwa kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima hapa ni 12.7%, ya juu kuliko mikoa yote. Mwaka 2024 zilitoka habari njema kutoka Morogoro na kwa majirani zetu wa Mbeya. Katika vituo 20 vilivyopewa vishikwambi vyenye programu ya ePOCT+, watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa 23%, dhidi ya 70% katika vituo 20 vya kawaida, na hawakuchelewa kupona.

Makambako ni njia panda ya reli ya TAZARA, barabara ya Mbeya na ya Songea. Mtoto akipewa rufaa kutoka hapo, uzito wake na dawa alizokwisha kupewa vinapaswa kumtangulia anakokwenda. Kununua kompyuta bila mizani inayopima sawasawa, umeme wa uhakika na mafunzo kwa anayegawa dawa ni kurudia kosa la Pittsburgh kwa fedha za walalahoi. Halmashauri zetu zianze na mizani. Nawe mzazi, ufikapo dirisha la dawa, uliza: mtoto amepimwa kilo ngapi leo, na dozi hii imetokana na kilo hizo?