Mrabaha wa Kila Mashine

Kompyuta ndogo ya IBM ilipoingia sokoni Agosti 1981, mnunuzi aliununua mfumo endeshi peke yake, kwa bei yake. PC-DOS, iliyotoka Microsoft, iliuzwa kwa dola 40. CP/M-86 ya Digital Research, kampuni ya Gary Kildall wa Pacific Grove, California, ilifika baadaye kwa dola 240. Kwa pengo hilo wengi hawakujisumbua hata kulinganisha.

Kildall ndiye aliyetangulia. Mfumo wake wa CP/M ulienea katika kompyuta ndogo za miaka ya 1970, wakati Microsoft haikuwa na mfumo wa namna hiyo hata kidogo. Msingi wa DOS iliununua kutoka Seattle Computer Products, ambako mhandisi Tim Paterson alikuwa ameuandika. Lakini katika mkataba wake na IBM, Microsoft ilibakiza haki ya kuwauzia wengine, na haki hiyo ndiyo iliyoitajirisha. Kampuni kadhaa zilipoanza kuunda mashine zinazofanana na ya IBM, zote zilihitaji DOS, na mlango wa kubisha ulikuwa mmoja.

Mwaka 1988 Digital Research ikarudi na DR-DOS, ambayo iliendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS, yaani DOS ya Microsoft. Toleo la 5.0, la mwaka 1990, lilihamishia sehemu ya mfumo kwenye kumbukumbu ya juu, likaziachia programu nafasi zaidi ndani ya zile kilobaiti 640 zilizowabana watumiaji wa zama hizo. Microsoft ilijibu kwa MS-DOS 5.0 mwezi Juni 1991. Mwaka huohuo DR-DOS 6.0 ikaja na uwezo wa kubana data ili diski ibebe zaidi. MS-DOS ikaupata mwaka 1993. Mtumiaji alinufaika kila mara mmoja alipomkimbiza mwenzake, na sioni sababu ya kusema kwamba mbio hizo zingekoma zenyewe.

Zilikomea kwenye mikataba. Microsoft iliwapa watengenezaji wa kompyuta leseni iliyohesabu prosesa badala ya nakala. Mtengenezaji aliyesaini alilipa mrabaha kwa kila mashine yenye prosesa ya aina iliyotajwa, iwe imewekwa MS-DOS, DR-DOS au haina mfumo wowote. Ni sawa na mwenye hoteli kumlipa mwoka mikate mmoja kwa kila mteja anayeingia, awe amekula mkate au amekunywa chai tupu. Hoteli hiyo itanunua wapi mkate wa mwoka mwingine?

Tupige hesabu ya mfano. Kiwanda kinachouza mashine 100,000, na wateja 10,000 wakataka DR-DOS, kiliendelea kuilipa Microsoft kwa zote 100,000. Nakala ya DR-DOS, hata ingeuzwa kwa bei ya kutupa, ilikuwa gharama juu ya gharama. Aliyekataa masharti hayo alitozwa bei ya juu zaidi kwa kila nakala. Tena mikataba ilikuwa ya muda mrefu, yenye kiwango cha chini ambacho kiwanda kiliahidi kulipia. Kufikia mwaka wa fedha wa 1993, takriban asilimia 60 ya MS-DOS iliyopitia kwa watengenezaji iliuzwa kwa leseni za namna hiyo. Mtu aliyenunua mashine yenye mfumo wa mshindani alikuwa ameilipa Microsoft pasipo kujua.

Hofu nayo ilikuwa na kazi yake. Toleo la majaribio la Windows 3.1 ya Microsoft, programu iliyokaa juu ya DOS, mwishoni mwa 1991 lilikuwa na msimbo uliofichwa ambao uliitambua DOS isiyo ya Microsoft na kuonyesha ujumbe wa hitilafu. Katika toleo lililouzwa msimbo ulibaki ndani, umezimwa.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilianza uchunguzi mwaka 1990. Februari 1993 makamishna waligawanyika wawili kwa wawili, na Julai hawakufikia uamuzi. Wizara ya Sheria ikalichukua jalada, na tarehe 15 Julai 1994 Microsoft ikakubali kuacha leseni za prosesa. Kildall alikuwa amefariki siku nne kabla. Jaji Stanley Sporkin alikataa kuyaidhinisha makubaliano hayo kwa kuyaona hafifu, lakini Mahakama ya Rufaa ikamtengua, na yakaidhinishwa Agosti 1995, siku chache kabla Windows 95 haijazinduliwa. Desturi iliyopigwa marufuku ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Matunda ya ukiritimba yalionekana katika kesi ya pili, iliyofunguliwa Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson alieleza, Novemba 1999, kwamba utafiti wa Microsoft yenyewe wa 1997 ulionyesha kampuni ingeweza kuwauzia watu Windows 98 ya kuboresha mashine zao kwa dola 49. Ilichagua 89, kwa kuwa bei hiyo ndiyo ingeingiza mapato mengi zaidi. Hakukuwa na mshindani wa kuishusha.

Caldera, iliyonunua haki za DR-DOS mwaka 1996 na kuishtaki Microsoft, ilimaliza shauri nje ya mahakama Januari 2000. Baadaye ilijulikana kwamba ililipwa dola milioni 280. Katika ile kesi ya 1998, Juni 2001 majaji wote saba wa Mahakama ya Rufaa walikubaliana kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, ingawa walifuta amri ya Jackson ya kuigawa kampuni. Mimi lawama kubwa naiweka kwenye Februari 1993: DR-DOS ilikuwa bado inauzwa, mikataba ilikuwa mezani, na makamishna wanne wakashindwa kuamua.