Bulangeti ya bilaka: nguo za kuungaunga kutoka Ujiji mpaka Kasenga



Mwezi uliopita rafiki mmoja wa promosyo yetu alipita nyumbani kwangu Kasenga bila kupiga simu. Akanikuta barazani, sindano mkononi, vipande vya vikwembe vimejaa magotini. Alicheka mpaka akakaa chini. "Agronomu muzima, unashona bilaka? Hauna hata dada wa kukushonea?" Alipoona sijibu, akaongeza kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wazee, wale wanaoonekana kwenye video wakikata vitambaa vya maua maua kisha wanaviunga tena.

Nilimpa chai, tukazungumza mambo mengine. Lakini neno lake halikunitoka. Kwanza, kwa sababu barabarani, mita hamsini tu kutoka kwangu, kuna mafundi wa nguo watatu na wote ni wanaume. Hakuna anayewacheka. Mwanaume akikanyaga mashini ni fundi. Akishika sindano na mabaki, amepotea. Pili, kwa sababu nilichokuwa nacho magotini si kitu nilichojifunza kwenye video. Ni bulangeti ya koko wangu, mama yake mama, na ninaitengeneza baada ya maji kuila. Kwa hiyo leo naomba mnivumilie. Nitajibu kwa historia, maana nimeitafuta.

Bulangeti yenyewe ni hivi. Chini kuna vitambaa vya mifuko ya zamani ya unga, vile vya pamba, vilivyofumuliwa na kufuliwa mpaka vikalainika. Juu yake ni viraka zaidi ya mia mbili, vingine vikubwa kama kiganja, vingine kama kisanduku cha kiberiti. Mshono wote ni wa mkono. Nilipokuwa mtoto nililala chini yake wakati wa mvua, na koko alinionyesha kipande kimoja kimoja kwa kidole. Siku moja nikauliza kwa nini hatununui blanketi la kweli. Akaniambia: "Hii haiko bilaka tu. Humu muko bikwembe byote nilivaaka."

Katikati kuna kipande cheupe kizito, kimekuwa rangi ya maziwa yaliyokaa. Koko alikiita amerikani. Niliona ni jina tu kama majina mengine, mpaka niliposoma kuhusu misafara. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Wamarekani, hasa za bandari ya Salem, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani. Misafara ya Waswahili na Waarabu ikakipandisha hadi Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ikakileta huku kaskazini mwa ziwa. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mtumbwi, Aprili 1858, kitambaa kilikuwa tayari ndiyo pesa ya njia nzima. Kilipimwa kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti, yaani karibu mita 3 na nusu. Kulikuwa na kaniki pia, ile nguo ya buluu nzito karibu nyeusi, kutoka India. Kwa shuka ulinunua chakula, kwa doti ulilipa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu. Na tusijidanganye, kwa vitambaa hivyo hivyo walinunuliwa watu pia.

Sasa fikirini: katika nchi ambayo kitambaa ni pesa, nani angetupa kipande? Mimi naona mazoea ya mama zetu ya kukunja kila kibaki na kukiweka chini ya godoro ni ya zamani kuliko umaskini wetu wa leo. Ni adabu ya watu waliojua thamani ya mkono mmoja wa nguo.

Wakati huo huo, kule pwani, kulitokea jambo ambalo kila msomi wa Kiswahili angepaswa kulijua. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mraba vya kufunga kichwani, vile ambavyo Wareno waliviita lenço, na ndiyo leso yetu. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wajanja kati yao walianza kununua leso 6 kwa pamoja, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wengine walichanganya leso za aina tofauti ili nguo isifanane na ya jirani. Ziliitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona zinapendwa, wakaagiza kitambaa kilichochapwa moja kwa moja kwa upana huo, na hapo ndipo inapoanza safari ya kanga. Maana yake ni kwamba nguo ya heshima ya mwanamke Mswahili ilianza kama viraka sita. Aliyeiunga hakuwa maskini aliyekosa nguo. Alikuwa mtu wa fasheni. Na kikwembe tunachofunga huku ziwani ni jamaa wa kanga hiyo, hata kama michoro yake ina historia nyingine, ya Java na Uholanzi, ambayo nitaiacha kwa siku nyingine.

Hapa nawageukia wenzangu wa kilimo. Tulisoma pamba kwenye somo la mazao ya viwanda: umbali wa mistari, tarehe za kupanda, funza wa vitumba. Niliandika kurasa nyingi na nikapata pointi nzuri. Hakuna aliyenieleza kwamba baba yake koko aliilima pamba hiyo katika uwanda wa Ruzizi bila kuulizwa kama anataka.

Pamba ilianza kujaribiwa Maniema kabla tu ya Vita Kuu ya kwanza, chini ya agronomu Mmarekani aliyeitwa Fisher. Amri ya Februari 1917 ikampa mtawala uwezo wa kulazimisha kila mwanaume wa kijijini kufanya kazi ya shamba hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka wa 1942, wakati wa vita ya pili, siku hizo zikafika 120. Kampuni moja ndiyo iliruhusiwa kununua pamba katika eneo lake, na bei haikuwa ya kujadiliana. Aliyezembea alijua jela na fimbo. Baadaye, katika miaka ya 1950, uwanda wetu ukapangwa kwa vipande vya kupimwa, ile mipango waliyoiita peizana, na pamba ikiwa moja ya mazao yake makubwa.

Koko alisimulia kazi ya kuchuma kama mtoto: ganda la kitumba likikauka linachoma vidole, na pamba ikichanganyika na majani makavu mnunuzi anaishusha daraja. Gunia likapimwa, pesa zikatolewa, pesa zikaingia dukani, na kutoka dukani kikatoka kikwembe kimoja cha mama. Kwa watoto hakikubaki kitu. Watu waliotoa pamba kwa magunia walivaa viraka. Mimi ni agronomu, nimefundishwa kupenda mavuno makubwa, lakini hesabu hii mpaka leo inanikalia vibaya.

Shule nayo ikaja na sindano yake. Ng'ambo ya Kavimvira, huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwaka wa 1946 ilifunguliwa nyumba ya mafunzo kwa wanawake iliyoitwa Foyer Social. Watu wa Buyenzi, Waswahili wenzetu, waliijua vizuri. Wake za makarani na wafanyakazi walifundishwa kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto kwa mtindo wa Kibelgiji. Sitaki kuidharau kazi hiyo. Wengi walipata ujuzi uliowalisha. Lakini angalieni walichofundishwa: kiraka kisionekane. Rangi ifanane, mshono ujifiche, bwana aende kazini akiwa nadhifu. Bulangeti ya koko inafanya kinyume kabisa. Nyekundu iko kando ya kijani, samaki yuko kando ya feni, na mshono ni wa uzi mweupe juu ya kaniki. Hilo halikutoka kwenye darasa lolote. Koko mwenyewe hakukaa kwenye darasa la kushona hata siku moja.

Kuna kipande chenye ncha ya mwenge tu, mkono ulioushika ulikatwa. Ni nguo ya MPR, chama cha Mobutu, ya kuvaa siku za gwaride. Koko aliihifadhi hadi siku ambayo haikuwa hatari tena kuikata. Kando yake kuna kipande cha ukubwa wa kidole ambacho alisema ni cha mwaka wa 1974, "mwaka maduka yaliota buibui". Mobutu alikuwa ametangaza Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zinapewa wazalendo, na maduka mengi yalipewa watu ambao waliuza kilichokuwa rafuni na hawakuagiza kingine. Ndiyo maana kipande ni kidogo hivyo.

Nikajiuliza kama kuna watu wengine duniani waliolima pamba na kulala chini ya mabaki yake. Wapo. Kule Alabama, Marekani, kwenye pinde ya mto panapoitwa Gee's Bend, wajukuu wa watumwa walilima pamba kwenye ardhi isiyo yao, na wanawake wakashona blanketi kutokana na suruali za kazi zilizochakaa. Walishona ili watoto wasife baridi. Mwaka wa 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kuuza kazi zao, na mwaka wa 2002 blanketi hizo zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Watu walisimama mbele yake kama mbele ya picha za wachoraji wakubwa.

Lakini walionifundisha kitu cha mikono ni Wasidi wa Karnataka, India. Hao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko kutoka upande wetu wa bahari, wengi kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona blanketi za viraka zinazoitwa kawandi. Hawaanzi katikati. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanzia pembeni, wanazunguka kuelekea ndani, kiraka juu ya kiraka, na mshono mmoja unashika tabaka zote. Kwenye kila pembe wanaongeza vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, na wanaviita maua, kwa sababu bila hayo wanaona blanketi iko uchi. Nilipoona picha nilikimbia kuangalia bulangeti ya koko. Nayo inazunguka kutoka pembeni. Sisemi kuna undugu; mtu mwenye sindano na vipande visivyolingana huenda anafika mahali pamoja na mwenzake bila kuonana. Ila sasa nashona kwa njia hiyo na kitambaa hakivutiki tena.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mnaukumbuka wote. Mulongwe iliacha njia yake, ikapita katikati ya watu. Sitarudia hesabu ya waliokufa. Kila mmoja wetu ana majina yake. Sanduku la mama lilikwenda na maji, na koko alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ndani ya sanduku hilo ndimo tulimokuwa tumemweka. Siku ya tatu jirani alilikuta limekwama kwenye matope, kifuniko kimeng'oka. Bulangeti ilikuwamo, nzito kama maiti. Tuliifua mara nne. Upande mmoja ulikuwa umeoza, rangi zimeingiliana.

Ilikaa imekunjwa miaka kadhaa. Mwaka jana nikaanza. Mafundi wananiachia mabaki ya Ijumaa, na nimejifunza umbo la kila kosa lao: mkono wa blauzi ukikatwa unaacha mwezi mchanga, shingo inaacha nusu sahani, na vipande 3 vya yadi 2 vinavyotoka kwenye piesi ya yadi 6 daima vinaacha ukanda mwembamba pembeni. Shida ni kwamba kitenge kingi cha bei rahisi siku hizi ni poliesta. Ukikishona kando ya pamba ya mwaka 1960, pamba inasinyaa ikifuliwa, chenyewe kinakaa, na kiraka kinavimba kama jipu. Kwa hiyo nachoma uzi kabla ya kukubali kipande. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Kila kipande cha pamba nakifua kwanza kwa maji ya moto, nakianika, ndipo nakata. Mama anasema nimekuwa mgumu kuliko mnunuzi wa pamba wa zamani.

Rafiki yangu alirudi wiki iliyopita, na alileta mfuko wa mabaki kutoka kwa shemeji yake ambaye ni fundi Kavimvira. Nusu ilikuwa poliesta. Nilichoma mbele yake, akajaribu mwenyewe, akaunguza kidole, akaendelea. Mpaka saa mbili usiku tulikuwa tumetenga mafungu mawili.

Limebaki shimo moja, kama viganja viwili, mahali palipokuwa na kaniki. Kaniki ya pamba sijaipata sokoni hapa. Mwenye mama au koko aliyeiweka chini ya godoro, hata kipande cha mkono mmoja, aniandikie. Nitakuja kukichukua mwenyewe.