Kalamu ya risasi haina risasi hata chembe

Penseli tunaiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi. Kile cheusi ni kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge, Morogoro.

Karne ya 16, kinywe safi kiligunduliwa Borrowdale, Uingereza. Wenyeji walikitumia kuwekea kondoo alama. Watu wakadhani ni aina ya risasi, na jina likaganda mpaka leo. Kumbe kilifaa pia kupaka ndani ya kalibu za mabomu ya mizinga, basi bei ikapaa. Mgodi ukawekewa walinzi, na mwaka 1752 Bunge likatunga sheria kali dhidi ya wezi wake.

Vita vya 1793 vikaikatia Ufaransa mzigo huo. Nicolas-Jacques Conté akaja na ujanja: akasaga kinywe, akachanganya na udongo wa mfinyanzi, akachoma kwenye tanuri. Hataza yake ni ya 1795, na penseli za leo bado zinafuata njia hiyo.

Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari unafifia. Hiyo ndiyo H. Ukipungua, inakuwa laini na nyeusi; hiyo ni B. Ukitaka kuchora vivuli, tafuta 4B. HB ya darasani itakuchosha bure.