Jumba la Umma la Glasgow: Nani Mwenye Haki ya Kueleza Historia ya Mji?

Makada wanapojadili vyombo vya itikadi hutaja shule, redio, magazeti na mimbari. Jumba la makumbusho la mji husahauliwa, kana kwamba ni ghala la vyungu na mikuki tu. Kumbe wale walioshika madaraka ya mji ndio waamuao kitu gani kiwekwe ndani ya kabati la kioo, kipi kitupwe, na watoto wa wafanyakazi waambiwe nini juu ya wazee wao. Glasgow, mji mkubwa wa viwanda katika Scotland, ni mfano unaofaa kuchunguzwa, maana huko mgongano huo ulitokea hadharani, tena chini ya halmashauri iliyokuwa mikononi mwa chama cha Labour, chama kilichoundwa na wafanyakazi wenyewe.

Jumba liitwalo People's Palace, yaani Jumba la Umma, lilifunguliwa tarehe 22 Januari 1898 katika uwanja wa Glasgow Green, upande wa mashariki ya mji. Huko ndiko familia za wafanyakazi zilikojazana katika nyumba za chumba kimoja, katika moshi na maradhi. Halmashauri iliwajengea jumba lenye vyumba vya kusomea na kupumzikia chini, makumbusho na picha juu, na nyuma yake bustani kubwa ya kioo. Tusidanganyike na ukarimu huo. Aliyelifungua alikuwa Lord Rosebery, kabaila aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na tabaka lake halikuwa na haja ya kumwamsha mfanyakazi. Hata hivyo, jengo likishakabidhiwa umma, umma huweza kuligeuza.

Mageuzi hayo yalionekana wazi baada ya mwaka 1974, Elspeth King alipokuwa msimamizi wa jumba. Wakati huo mji ulikuwa ukibomoa mitaa mizima ya zamani. Yeye na msaidizi wake, Michael Donnelly, waliokoa vioo vya rangi kutoka katika majengo yaliyokuwa yakivunjwa, wakakusanya bendera za vyama vya wafanyakazi na vyombo vya nyumbani ambavyo wataalamu wa sanaa waliviona takataka. Hata paka wa jumba, Smudge, aliyewekwa kukamata panya, alipokewa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha GMB. Msomaji anaweza kucheka, lakini mzaha wa namna hiyo hutokea mahali ambapo watu wanajiona wako kwao.

Na historia iliyoelezwa humo haikuwa ya wafalme. Mwaka 1787 wafumaji wa Calton, kitongoji kinachopakana na uwanja huo, waligoma kwa sababu ya kupunguziwa ujira. Askari waliwafyatulia risasi. Wafumaji 6 wakafa. Miaka 200 baadaye, mwaka 1987, mchoraji Ken Currie alichora picha 8 chini ya kuba la jumba, zikianzia na mauaji hayo na kuendelea na harakati zilizofuata. Humo mlikuwamo pia dawati la John Maclean, mwalimu aliyewafundisha wafanyakazi uchumi wa Marx na kufungwa mara kadhaa. Mlisimuliwa mgomo wa kodi za nyumba wa mwaka 1915, ambao wanawake kama Mary Barbour waliuongoza wakati waume zao wako viwandani na vitani, hata serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi kupandishwa kabla mwaka haujaisha.

Ndipo ukaja mwaka 1990. Glasgow ilitangazwa kuwa Mji wa Utamaduni wa Ulaya, na halmashauri ikataka kuwavutia watalii na wenye mitaji. Maonyesho makubwa ya historia ya mji yaliandaliwa mahali pengine, chini ya stesheni ya reli, yakala fedha nyingi na kuishia katika hasara. Idara ya makumbusho iliunda cheo kipya cha mkuu wa historia ya jamii, na King hakupewa. Wananchi walipinga kwa barua nyingi magazetini. Waandishi na wasanii wakaingia katika mapambano. Mwaka uliofuata King aliondoka.

Hapa tusiwe wepesi wa kugawa watu katika mashujaa na wasaliti. Aliyepewa cheo, Mark O'Neill, alikuwa ametoka katika makumbusho madogo ya Springburn, mtaa wa mafundi wa injini za treni. Mwaka huo huo wa 1990 idara ilianzisha mpango wa Open Museum wa kuvitoa vitu ghalani na kuvipeleka hospitali, magereza na vikundi vya mitaani, wananchi wakichagua wenyewe cha kuonyesha. Huo ni ushirikishwaji wa kweli. Kosa la halmashauri lilikuwa la kimadaraka: iliamua juu ya jumba la umma bila kuusikiliza umma.

Somo hilo halikupotea kabisa. Mwaka 1998 madiwani waliwasikiliza hadharani wajumbe wa Walakota wa Marekani, waliodai shati takatifu lililohusishwa na mauaji ya Wounded Knee ya mwaka 1890. Mwaka 1999 lilirudishwa.

Kuhusu Afrika, mji ulichelewa zaidi. Miongoni mwa picha zilizokuwa zimetundikwa katika Jumba la Umma ilikuwa ile ya familia ya John Glassford, tajiri wa biashara ya tumbaku iliyolimwa na watumwa. Pembeni amechorwa kijana Mwafrika, mtumishi wao, aliyefifia hadi karibu asionekane. Mfumaji wa Calton alikuwa amekwisha kupewa ukuta wake mwaka 1987. Halmashauri iliomba radhi kwa sehemu ya mji katika biashara ya utumwa mwaka 2022.