Sanduku la Vitabu Lilipofika Wilayani

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya sanduku. Sina maana ya sanduku la kura, maana hilo limekwisha kuzungumzwa sana katika redio. Nina maana ya sanduku la mbao lenye bawaba na komeo, ambalo ndani yake mlikuwa na vitabu. Kwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki, hasa sisi wa miji midogo, hiyo ndiyo maktaba ya kwanza iliyotufikia.

Mimi ni mkutubi, ingawa sasa nimestaafu. Nilianza kazi mwaka 1979 katika maktaba ya mji mdogo wa wilaya, mji wenye soko, kituo cha reli na maduka mengi ya vitenge, lakini hauna duka hata moja la vitabu. Kupenda kusoma nilikuanza mapema zaidi, kwa kusoma magazeti ya kufungia maandazi. Taabu ya maktaba ile ya maandazi ni kwamba hadithi hukatika panapochanwa. Kuna bwana mmoja nilimwacha mlangoni kwa wakwe zake akibisha hodi, na hadi leo sijui kama alifunguliwa.

Basi tuanze mbali kidogo. Watu husema kwamba vitabu vililetwa na wakoloni. Hilo si kweli hata kidogo. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate, na nakala yake ya zamani ina tarehe ya mwaka 1728. Lamu, Mombasa na Unguja vitabu vilikuwa vikinakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, vikatunzwa majumbani na misikitini. Neno lenyewe maktaba lina asili moja na kitabu, na katibu, na hata kutubu la mkutubi linatoka huko huko kwenye kuandika, si kwenye toba kama vijana wangu wa kazini walivyopenda kunitania. Lakini vitabu vile vilikuwa vya wenye elimu na wenye nyumba za mawe. Mvuvi na mkulima walivisikia vikisomwa tu.

Mombasa ilipata chumba cha kusomea cha umma, Seif bin Salim, mnamo mwaka 1903. Nairobi, mwaka 1931, ilifunguliwa maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo nene na simba wa mawe mlangoni, lililojengwa na mjane wa tajiri mmoja mzaliwa wa Marekani kwa kumkumbuka mumewe. Ndani yake walikaribishwa Wazungu peke yao, na hali ikawa hivyo hadi mwaka 1958. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Miaka 27 Mwafrika aliweza kufagia sakafu ya jengo lile na kupangusa vumbi la vitabu, lakini akikaa kitini na kufunua kimoja, amevunja utaratibu.

Sanduku lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Askari wetu walirudi kutoka Burma na kwingineko, wengi wakiwa wamejua kusoma, na serikali za kikoloni zikaanza kujiuliza watu hawa watasoma nini. Hapana shaka wasiwasi ulikuwa mkubwa kuliko huruma. Bibi Elspeth Huxley, yule mwandishi wa Kenya, alitumwa kuchunguza, na kutokana na ripoti yake, mwaka 1948 likaundwa shirika lililoitwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, na mkuu wake akawa Charles Richards, aliyekuwa akiendesha duka la vitabu la wamisionari wa CMS mjini humo.

Shirika hili lilifanya mambo mawili ambayo mimi, pamoja na kuujua ukoloni wake, siwezi kuyabeza. La kwanza, lilitafuta waandishi. Liliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili, na yale ya mwaka 1957 hadi 1958 alishinda Mzanzibari mmoja, Muhammed Said Abdulla. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960, na huyo ndiye aliyetuletea Bwana Msa na kiko chake. La pili, lilisambaza vitabu. Vilijazwa katika masanduku, yakapelekwa shuleni, katika misheni na kwenye majumba ya maendeleo, yakawekwa chini ya mwalimu au karani anayeaminika, halafu baada ya muda sanduku hurudi na jingine huja. Aliyekuwa mbali zaidi aliweza kuazima kwa posta.

Kabla ya uhuru alikuja mtaalamu Sydney Hockey, akatoa ripoti mwaka 1960 akishauri kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba iliyowekwa na sheria. Tanganyika ilipitisha sheria yake mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za uhuru, katika mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, pale katika barabara ambayo sasa inaitwa Bibi Titi Mohamed. Wengi wenu mnaopita pale kila siku ndani ya daladala hamgeuzi hata shingo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu: alikwisha kumtafsiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, na mwaka 1969 akaongeza Mabepari wa Venisi. Viongozi wanaokata utepe wa maktaba ni wengi. Wanaorudi nyumbani usiku wakahangaika na beti za Shakespeare si wengi.

Halafu ikaja ile kazi kubwa. Kwa hesabu za mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na zikachaguliwa wilaya 6, zikiwamo Mafia na Ukerewe, ambamo ujinga wa kutojua kusoma ufutwe kabla mwaka 1971 haujaisha. Wazee walikaa chini ya miembe na vibao. Ulipofanyika mtihani wa taifa wa mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi 39 katika 100, na mwaka 1986 serikali ilitaja chini ya 10. Sijui taifa jingine la hali yetu lililofanya hivyo kwa haraka ile, na inaniudhi kuona vijana wa leo hawana habari.

Lakini ukimfundisha mtu kusoma, lazima umpe cha kusoma, la sivyo baada ya miaka michache herufi zitamtoka. Kwa hiyo sanduku likarudi, safari hii likiitwa maktaba ya kijiji, likitunzwa na mwanakijiji mwenye kujua kusoma, mara nyingi nyumbani kwake chini ya kitanda. Lilikuwa na vitabu vya kilimo cha pamba, ufugaji wa kuku, uji wa mtoto, na siasa. Pamoja nalo lilikuja gazeti la Elimu Haina Mwisho. Vilikuwa vitabu vyema. Hata hivyo nitasema jambo ambalo wakubwa wangu hawakupenda kulisikia: mkulima aliyeshinda shambani na pamba kutwa nzima, jioni hataki kusoma pamba. Anataka kujua nani kamwibia nani mke.

Ushahidi ninao. Nyuma ya kila kitabu cha maktaba hubandikwa karatasi ya tarehe, na kila kitabu kikiazimwa hupigwa muhuri wa siku ya kukirudisha. Watu huidharau karatasi ile. Mimi nimeisoma kwa zaidi ya miaka 30 kama wengine wanavyosoma magazeti, na nawaambia hakuna ripoti ya mkutano iliyowahi kunieleza ukweli mwingi kama huo. Mzimu wa Watu wa Kale ya maktabani kwetu ilikuwa na karatasi tatu zimebandikwa moja juu ya nyingine, zote zimejaa. Rosa Mistika ya Kezilahabi haikuwa na jalada, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa laini kama noti ya sokoni. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971, kikichapishwa na shirika lile lile la Nairobi lililokuwa likituma masanduku, na mwandishi wake ni mzaliwa wa Ukerewe, ile wilaya iliyokuwa ikifuta ujinga mwaka huo huo. Kilipigwa marufuku mashuleni. Sisi maktabani hatukuambiwa tukitoe, nasi hatukuuliza. Waliokuja kukitafuta zaidi ni walimu.

Karatasi zile zinaonyesha pia njaa. Shirika la Nairobi lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikaadimika, karatasi ikawa bidhaa ya kuwindwa kama sukari na sabuni. Ukichukua vitabu vya Kiswahili vya maktaba yangu na kutazama muhuri wa kupokelewa, utakuta vingi vya miaka ya 1970, halafu shimo. Miaka inapita bila kitabu kipya. Wasomaji walisoma vile vile mara ya pili, ya tatu, ya nne, na mzee mmoja fundi cherehani akawa anaazima kitabu alichokijua kwa moyo. Nilipomuuliza, akanijibu kuwa hata wimbo mtu haimbi mara moja.

Shimo lile lilizibwa kwa misaada. Uingereza kulikuwa na shirika la kukusanya vitabu lililoanzishwa mwaka 1954 na Bibi Ranfurly, ambalo tangu 1994 linaitwa Book Aid International. Katoni ziliteremshwa, tukashukuru, na kwa hakika vitabu vya uuguzi na hisabati viliokoa watu. Lakini si vyote vinavyotoka katika rafu za watu wengine vina kazi kwetu. Nakumbuka kimoja kikubwa, cha picha za rangi, juu ya utunzaji wa bustani za theluji ikiyeyuka. Karatasi yake ya tarehe ilikuwa nyeupe pe, na nilipostaafu ilikuwa nyeupe vile vile. Haki isemwe: wenyewe walilitambua hilo, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 walianza pia kununua vitabu vilivyochapishwa Afrika na kuvigawa humu humu. Hapa kwetu nako, mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, na mwaka huo huo Walter Bgoya, aliyewahi kuongoza Tanzania Publishing House, akaanzisha Mkuki na Nyota. Kwenye karatasi zangu muhuri ukaanza kugongwa tena.

Na sanduku halikufa. Wenzetu wa Garissa, Kenya, walianza mwaka 1996 kulifunga juu ya ngamia. Ngamia mmoja hubeba vitabu vipatavyo 200, mwingine hubeba hema, na mkutubi hutembea mbele kuelekea kwa wafugaji, ambako gari likifika leo kesho limekwama mchangani. Nilipoisikia habari ile nilicheka kwa furaha, kisha nikamwonea wivu mkutubi mwenzangu. Mimi baiskeli tu niliomba kwa miaka mingi, na jibu la barua yangu ya kwanza bado nalisubiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nizungumze wiki hii. Kiswahili kina neno moja, kusoma, kwa mambo mawili. Mtoto anasoma sekondari, na mtoto anasoma hadithi. Katika maktaba za miji midogo kusoma kwa kwanza kumekwisha kukifukuza kusoma kwa pili. Viti hujaa asubuhi hadi jioni, na wanaovikalia ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao wenyewe, kwa sababu nyumbani hakuna meza wala utulivu. Siwalaumu, na ningefunga mlango wangu mwisho kabisa kwao. Lakini wanaopanga bajeti wameona viti vimejaa na vitabu havijaguswa, wakahitimisha kwamba kinachotakiwa ni viti.

Ndiyo maana nimesikia kwamba katika maktaba kadhaa za wilaya, sitazitaja, vitabu vya zamani vinaondolewa rafuni ili kupata nafasi ya meza na kompyuta. Kompyuta ni jambo jema. Ninachouliza ni vitabu gani vinavyoondolewa, na nani anavichagua. Kwa macho ya mgeni, kitabu cha kwanza kutupwa ni kile kisicho na jalada, chenye kurasa laini na karatasi tatu za tarehe. Kile cha bustani za theluji bado kinang'aa, kitabaki. Nacho hicho kisicho na jalada huenda ni hadithi ya Kiswahili ya miaka ya 1960 ambayo haijachapishwa tena, na mchapishaji wake alikwisha kufa na jumuiya yake.

Nimekwisha kumwandikia aliyeshika nafasi yangu, nikamwomba jambo moja dogo: kabla kitabu chochote hakijatoka mlangoni, akifungue nyuma na kuhesabu mihuri. Chenye mihuri mingi akitafutie gundi na jalada la karatasi ya kaki. Amenijibu kwamba ameanza na rafu ya riwaya, na kwamba gundi imemwishia.