Mnara wa Iskandaria Machoni pa Ibn Battuta

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, aliuzuru mnara wa kale wa Iskandaria mara mbili. Mwaka 1326 aliukuta upande mmoja umebomoka, lakini aliingia, akapima unene wa ukuta: shubiri 10. Aliporudi mwaka 1349, haikuwezekana tena kuingia wala kuufikia mlango.

Katikati ya ziara hizo, mwaka 1331, alifika Kilwa. Huko alikwenda mara moja tu. Aliusifu uzuri wa mji, asituachie kipimo cha ukuta hata mmoja. Sifa yake twaipenda. Lakini mnara umekwisha kutoweka, na zitufaazo leo ni shubiri zile. Basi tuzurupo magofu, ya ugenini au ya kwetu, tusitosheke na kustaajabu: yatupasa kupima, kuandika, na kurudi tena.